Nani Kayasema Maneno Haya? Amana ya Kupokea Maisha na Kauli za Wanavyuoni Wetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Kila inapofika Ijumaa, simu zetu hujaa ujumbe. Mmoja una picha ya msikiti na maneno mazuri, chini yake pameandikwa "Imam Shafi". Mwingine una picha ya mzee mwenye kilemba, na chini yake jina la sheikh wetu wa Unguja au wa Lamu aliyefariki zamani. Mwingine unaanza moja kwa moja na "Amesema Mtume", bila kutajwa kitabu wala mpokezi. Tunausoma, unatugusa, tunaupeleka kwenye kundi la familia. Mama anampelekea dada yake Pemba, dada anampelekea mwanawe Muscat, na kabla ya Alasiri watu mia wameshaupokea.

Suala ambalo wachache hujiuliza ni hili: nani kayasema maneno haya, na sisi tumeyapata kwa nani? Makala hii inaeleza namna wanavyuoni wa Kiislamu walivyolishughulikia suala hilo, namna masheikh wa visiwa vyetu walivyolifuata, ipi hukumu ya kusambaza maneno yasiyojulikana asili yake, na nini kila familia inaweza kufanya.

Msingi wa jambo hili katika dini

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah (S.W.) ametuamrisha tuichunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, tumekatazwa kufuata lile tusilolijua, na tumeambiwa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mtume (S.A.W.) naye ametahadharisha kwa maneno makali kwamba mwenye kumzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake Motoni. Hadithi hii imepokewa na Swahaba wengi mno hata wanavyuoni wakaihesabu kuwa ni mutawatir. Imam Muslim, mwanzoni mwa kitabu chake, amepokea pia kwamba inamtosha mtu kuwa muongo kule kuhadithia kila anachokisikia.

Tuizingatie hii ya mwisho. Mtu huyu hakuzua kitu. Kosa lake ni kukipitisha kila kilichomfikia bila kukichuja. Zamani alihitaji kutembea barazani na sokoni ili afanye hivyo. Leo kidole kimoja kinamtosha.

Tarehe za watu ni silaha dhidi ya uongo

Fitna zilipotokea katika karne ya kwanza ya Hijra na watu wakaanza kuzua hadithi, wanavyuoni hawakutosheka kuuliza "Amesema nini?" Walianza kuuliza "Kakwambia nani?" Hapo ndipo elimu ya isnadi ilipopata nguvu, yaani mlolongo wa watu waliopokeana maneno. Abdullah bin Al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 Hijria, aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini, kwa sababu bila ya hiyo kila mtu angesema alitakalo.

Lakini mlolongo wa majina hautoshi ikiwa watu wenyewe hawajulikani. Kwa hiyo wakaandika vitabu vya maisha ya watu: kazaliwa lini, kasoma kwa nani, kasafiri wapi, alikuwa mkweli au la, alihifadhi vizuri au alisahau uzeeni, kafa mwaka gani. Ibn Sa'd, aliyefariki mwaka 230 Hijria, aliandika Tabaqat. Imam Bukhari aliandika At-Tarikh Al-Kabir. Al-Khatib Al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463, aliandika habari za watu wa Baghdad. Imam Dhahabi, aliyefariki mwaka 748, alikusanya maisha ya wakubwa wa umma huu katika Siyar A'lam An-Nubala. Vitabu hivi vina faida ya kuburudisha na kuwaidhi, lakini asili yake ni mizani ya kupimia ukweli.

Wanavyuoni wametupa mfano mzuri. Mtu mmoja alikuwa akihadithia kwamba amesikia kwa Khalid bin Ma'dan, mwanachuoni wa Hims katika nchi ya Sham. Ismail bin Ayyash akamuuliza: umeandika kwake mwaka gani? Akajibu: mwaka 113. Ismail akamwambia kwamba basi anadai kumsikia Khalid miaka saba baada ya kufa kwake. Suali moja la tarehe likamfedhehesha muongo.

Mizani hii tunaweza kuitumia sisi pia majumbani. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo wengi wetu visiwani tunayoyafuata, alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria na akafariki Misri mwaka 204. Imam Abu Hanifa alifariki mwaka huo huo wa 150. Kwa hiyo ukiletewa kisa kitamu cha Imam Shafi amekaa mbele ya Imam Abu Hanifa wakiulizana na kujibizana, huna haja ya kuwa mwanachuoni ili ujue kwamba kisa hicho si kweli. Ama kusoma kwake kwa Imam Malik, aliyefariki mwaka 179, hilo ni thabiti na linajulikana.

Visiwani kwetu: kazi ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy

Mtu anaweza kudhani kwamba elimu hii ni ya Waarabu wa zamani tu. Sivyo. Hapa petu alikuwepo mtu aliyeifanya kazi hii kwa Kiswahili, naye ni Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Allah amrehemu.

Sheikh Abdulla alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisomesha katika skuli za serikali, akawa Kadhi wa Zanzibar katika miaka ya 1960, kisha akahamia Kenya na kuwa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo. Alifariki Oman mwaka 1982. Wengi wanamjua kwa tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili, Qurani Takatifu, iliyochapwa kamili mwaka 1969. Kabla yake ilikuwepo tafsiri ya kasisi Godfrey Dale ya mwaka 1923, na ile ya Maahmadia ya mwaka 1953. Sheikh aliona kwamba Waislamu wa Afrika Mashariki hawafai kuachiwa wengine wawaelezee Kitabu chao, na katika maelezo ya chini ya kurasa aliwajibu hao waliotangulia kwa hoja.

Lakini ana kazi nyingine ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1944 alitoa kitabu cha tarehe ya Imam Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika, na mwaka 1972 kikatoka kwa sura iliyopanuliwa kwa jina la Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Humo aliwakusanya masheikh wa Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija: nasaba zao, walimu wao, wanafunzi wao, safari zao na kufa kwao. Mwaka 1989 kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza huko Marekani, na leo watafiti wa vyuo vikuu wanaotaka kuijua historia ya Uislamu katika pwani hii hawawezi kukipita.

Tuangalie watu wawili miongoni mwao, tuone faida ya kazi hii.

Wa kwanza ni Sayyid Ahmed bin Abubakar bin Sumeit. Alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, katika ukoo wa Masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Ujanani alikuwa mtu wa vyombo na biashara pamoja na elimu. Aliwekwa kuwa kadhi Unguja katika zama za Sayyid Barghash, kisha akaondoka akasafiri kutafuta elimu, akafika Istanbul, Misri, Makka na Hadhramaut. Baadaye akarejea Unguja na kuendelea na ukadhi mpaka alipofariki mwaka 1925.

Wa pili ni Sheikh Abdulla bin Muhammad Bakathir, mzaliwa wa Lamu, rafiki na mwanafunzi wa Sayyid Ahmed. Naye alisafiri sana kwa ajili ya elimu na da'wa, akafika mpaka Java na Cape Town. Yeye ndiye aliyeanzisha chuo cha Ukutani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambacho kilitoa masheikh waliotawanyika pwani nzima. Naye alifariki mwaka huo huo wa 1925.

Sasa hesabu kidogo. Mwaka 1925 Sheikh Abdulla Farsy alikuwa mtoto wa miaka 13 hivi. Hakuweza kudai kwamba amekaa na wazee hao akachukua kwao elimu ya kutosha. Lakini alisoma kwa waliokaa nao, kama Sheikh Abubakar, mtoto wa Sheikh Abdulla Bakathir, na Sayyid Omar, mtoto wa Sayyid Ahmed bin Sumeit. Huu ni mlolongo unaoonekana: baba, mtoto, mwanafunzi, kisha karatasi. Angechelewa miaka ishirini au thalathini, walioshuhudia wangekuwa wameondoka na sisi tungebakiwa na majina kwenye makaburi.

Na hapa pia mizani ya tarehe inafanya kazi. Akikuletea mtu maneno na kusema kwamba sheikh fulani aliyazaliwa mwaka 1930 aliyasikia kwa masikio yake kutoka kwa Sayyid Ahmed bin Sumeit, unajua hapo pana pengo. Huenda alisikia kwa mtu mwingine aliyesikia kwake, na mtu huyo ndiye tunayemtaka. Vilevile ukiletewa "kauli ya Sheikh Abdulla Bakathir" kuhusu televisheni, huna haja ya kubishana. Muombee rehma sheikh, na uiache kauli hiyo.

Waliohifadhiwa na waliosahauliwa

Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliandika utenzi wa kumuusia binti yake mwaka 1858, na haukupita muda mrefu akafariki. Wasia huo umetufikia kwa sababu binti aliutunza, na wanawake wa Lamu na visiwa jirani wakaunakili na kuuhifadhi vifuani. Wasia wa mama mmoja kwa mwanawe mmoja umepita karne moja na nusu kwa sababu watu wa nyumbani waliuona kuwa ni amana.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950, naye ameandikiwa wasifu na Shaaban Robert, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiswahili. Hatuingii hapa katika hukumu ya muziki, nayo ina mahali pake. Tunachotaka kuonesha ni kwamba mwimbaji amepata mtu wa kuyaandika maisha yake, ilhali maalim aliyewafundisha Qur'ani watoto wa mtaa mzima kwa miaka arubaini mara nyingi hana hata ukurasa mmoja. Tunamlaumu nani?

Hukumu ya kusambaza maneno haya

Maneno yanayosambazwa tunaweza kuyagawa mafungu matatu.

La kwanza ni yanayonasibishwa na Mtume (S.A.W.). Haifai kuyasambaza mpaka ujue yametoka kitabu gani na wanavyuoni wamesema nini juu yake. Hadithi ya uongo haijuzu kuitaja ila kwa kuibainisha kwamba ni ya uongo. Ama hadithi dhaifu, wanavyuoni wengi wameruhusu kuitaja katika fadhila za amali kwa masharti, miongoni mwake udhaifu usiwe mkubwa na msemaji asiithibitishe kwamba Mtume (S.A.W.) kaisema. Mfano ni ule usemi mashuhuri wa kuitafuta elimu hata China. Ibn Hibban ameuita batili, na Ibn Al-Jawzi ameuweka katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Kadhalika usemi kwamba kuipenda nchi ni katika imani, As-Saghani ameuhesabu kuwa wa kuzuliwa. Kutafuta elimu kuna aya na hadithi za kutosha, na kuipenda nchi ni tabia ya binadamu isiyokatazwa. Hatuhitaji kumsemea Mtume (S.A.W.) ambalo halikuthibiti kwake.

La pili ni yanayonasibishwa na Swahaba, maimamu na masheikh. Dhambi yake haifikii ile ya kumzulia Mtume (S.A.W.), lakini uongo ni uongo, na kumsemea maiti ni dhulma kwa sababu hawezi kujitetea. Huenda pia ukambebesha fat-wa ambayo hakuitoa, watu wakaifuata wakidhani ni yake, na talaka, mirathi au ndoa zikaharibika kwa neno lisilo na mwenyewe. Hapa ndipo jambo linapokuwa zito kwa familia: mambo ya halali na haramu hayachukuliwi kutoka kwenye picha ya simu, bali huulizwa kwa mwenye elimu anayejulikana.

La tatu ni hekima tu ambayo maana yake ni nzuri na haipingani na dini, lakini mwenyewe hajulikani. Hii hapana ubaya kuitaja. Sema "imesemwa" au "wahenga wamesema", na usiitundike jina la mtu ili ipate uzito.

Pengine mtu atasema: "Nia yangu ni njema, nataka watu wawaidhike." Tunamjibu kwamba hoja hii ni kongwe. Imepokewa katika vitabu vya elimu ya hadithi kwamba Nuh bin Abi Maryam alizua hadithi za fadhila za Qur'ani sura baada ya sura, na alipoulizwa alisema kwamba aliona watu wameshughulika na mambo mengine na kuipa mgongo Qur'ani, akataka kuwarejesha. Wanavyuoni hawakumpokea kwa nia yake. Dini hii imekamilika, na haki haihitaji kusaidiwa na uongo.

Na upande wa pili pia pana hadhari. Kuchunguza si kuwavunjia heshima wazee wetu. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuwatukana maiti, kwani wao wameshayafikia waliyoyatanguliza. Ikiwa sheikh wa bibi yako anasimuliwa kwa mambo ambayo huna ushahidi nayo, usimkejeli bibi mbele ya watu. Muulize kwa adabu: "Bibi, haya uliyasikia kwa nani?" Mara nyingi suali hilo litamfurahisha, kwani atakueleza mengi ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nini kila familia inaweza kufanya

Kazi ya Sheikh Abdulla Farsy haikuhitaji mashine. Ilihitaji mtu wa kuuliza na kuandika. Leo kila nyumba ina simu yenye kunasa sauti. Basi chagua mzee mmoja, au maalim mmoja wa chuo chenu, na muulize haya:

1. Amezaliwa wapi na lini? Kama hajui mwaka, ni kabla au baada ya tukio gani linalojulikana?
2. Amesoma kwa nani, na mwalimu wake alisoma kwa nani?
3. Alisoma vitabu gani, na alimalizia wapi?
4. Alisafiri wapi, na nani alikuwa pamoja naye?
5. Neno gani la mwalimu wake analikumbuka, na je, alilisikia mwenyewe au aliambiwa?
6. Nani mwingine aliye hai anayejua habari hizi?

Suali la tano ndilo roho ya kazi yote. Tenganisha alichosikia mwenyewe na alichohadithiwa, na uandike hivyo hivyo. Usipambe wala usiongeze karama ambayo hakuna aliyeishuhudia. Baada ya kuandika, taja jina lako, jina la aliyekuhadithia, mahali na tarehe. Kwa kufanya hivyo wajukuu zako watakuwa na isnadi.

Kisha kuna karatasi. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, Wete, Lamu na Moroni yamo makasha yenye vitabu vya mkono, ijaza za masheikh, barua na hati za wakfu. Hewa ya bahari na mchwa havisubiri. Usizichome wala usizitupe kwa sababu huwezi kuzisoma. Muoneshe mwenye kujua Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zipige picha, na uzihifadhi pakavu. Kwa Zanzibar ipo Idara ya Nyaraka, na kwa Lamu hati za Msikiti wa Riyadha zimeshapigwa picha na kuhifadhiwa kwa mpango ulioungwa mkono na British Library. Jambo hili linawezekana, na limeshafanyika kwetu.

Na utakapoletewa ujumbe mwingine Ijumaa ijayo, simama kidogo kabla ya kuupeleka mbele. Uliza: nani kasema, katika kitabu gani, nani kapokea? Ukikosa jibu, uache ukomee kwako. Hakuna atakayekuuliza Siku ya Kiyama kwa nini hukusambaza, lakini kwa ulichosambaza utaulizwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu masheikh wetu waliotangulia, awalipe kheri walioyaandika maisha yao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoifikisha amana kama walivyoipokea. Amin.

Wallahu A'alam.